Muulize Bi Mkubwa: Khanga ya mpishi, miaka ya kibarua na ngao yenye baba mwengine

Mwezi huu barua za kustaafu zimekuja nyingi kuliko za ndoa, nadhani kwa sababu Juni inakaribia na kila afisi inakimbizana na bajeti yake, basi za ndoa nimeziweka pembeni (msinune, zamu yenu mwezi ujao) nimechagua tatu, zote za watu wa vyuoni. Mie mwenyewe nimekaa afisi ya utumishi chuoni mpaka nikatoka na miaka yangu 60, kwahiyo hapa sisemi ya kuambiwa.

SWALI
Assalaam alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo. Mie ni katibu wa kamati ya kuwaaga wastaafu, chuo chetu kipo Unguja, jina nisamehe. Mwaka huu wanatoka sita kwa mpigo: wahadhiri wawili, mkutubi, dereva, tarishi na mpishi wa dakhalia. Tumechangishana tumepata laki tisa na afisi imeahidi laki sita. Sasa mzozo ndo hapo. Wakubwa wanataka wahadhiri wapewe TV na ngao, wale wanne wapewe doti ya khanga au kikoi na bahasha. Baadhi yetu tunaona haikai vizuri lakini tunajibiwa cheo ni cheo. Halafu hata hatujui shughuli yenyewe inafanywaje, maana miaka yote hapa mtu akistaafu siku ya mwisho anarudisha funguo, anapeana mikono na watu wa afisi yake, basi. Tusaidie.
Katibu, Unguja

JIBU
Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu.

Hilo la kurudisha funguo na kuondoka lisikutie aibu, vyuo vyetu vingi bado vichanga kwenye jambo hili. Angalia SUZA tu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, sheria yake ya mwaka 1999, wanafunzi wa mwanzo kaingiza 2001, sasa mtu aliyeajiriwa 2001 ana miaka 35 ndo kwanza anafika 60 mwaka 2026. Tumezoea kukaribisha, kuaga ndo tunajifunza sasa hivi. Na vile vya zamani navyo vimehamahama, TAKILUKI, ile taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, ya 1978 imekuja kuingia ndani ya SUZA, mtu kaanza kazi kwa jina hili anamalizia kwa jina jengine na faili lake limepanda pikapu mara tatu. Faili ntalirudia, nisikilize kwanza habari ya khanga.

Niliwahi kuwa kwenye kamati ka hiyo yako. Tulikuwa tunamuaga mpishi wa dakhalia, na sie tukajiona mabingwa, tumegawana kazi, huyu ukumbi huyu spika huyu zawadi, na wa zawadi kijana mmoja katumwa Darajani asubuhi ile ile ya shughuli. Kaja na doti zuri la zambarau, maua makubwa, limefungwa na utepe, hakuna hata mmoja wetu aliyelikunjua. Bi mpishi kaitwa mbele, kapewa, na mwanamke wa Unguja unamjua, akipewa khanga kitu cha mwanzo anatafuta jina. Kaikunjua kaisoma kwa sauti, ukumbi mzima unasikia: MLA NAWE HAFI NAWE. Mtu kawapikia watu karibu miaka thelathini! Watu wakaangaliana. Yeye alicheka, kaitupia kiunoni akajifunga pale pale watu wakapiga makofi, lakini mie nilikuwa nimesimama karibu na nikauona mkono wake unavyokikaza kile kifundo. Tumeonana mara nyingi baada ya pale, harusini, sokoni, sijawahi kumuona kaivaa tena.

Kwahiyo khanga si kitu kidogo cha kumpa mtu mdogo, kama mnadhani ndo njia ya mkato basi mmeingia pahala pagumu. Khanga inasema na itasema miaka kumi ijayo huko kwake. Ukitaka kutoa khanga nenda mwenyewe, soma jina, wasomee na wenzako, tafuta ka ile ya Wema hauozi.

Sasa hesabu. Laki tisa na laki sita ni milioni moja na nusu. Weka laki tatu za chai na vitafunio, sambusa, katlesi, visheti, halua ya Wete kama kuna mtu anatoka huko, zinatosha kabisa. Unabaki na milioni moja na laki mbili, watu sita, kila mmoja laki mbili. Imekwisha. Ukinunua TV mbili wale wanne wanagawana makombo, na watakaa pale viti vya mbele wameangalia maboksi mawili makubwa na bahasha nne, unadhani nani hatohesabu? Cheo ni cheo, sawa, lakini cheo mtu alikwisha lipwa kwa mshahara kila mwezi na atalipwa tena kwenye pensheni na kiinua mgongo, vyote hivyo vinafata mshahara, siku ya kuaga haina haja kukirudia. Ngao nazo ama sita za saizi moja ama msinunue kabisa.

Hiyo laki mbili ya kila mtu msinunue vitu vya aina moja. Mtume mtu aende kwa mke au mume wa mstaafu, au mtoto, aulize kimya kimya nyumbani kunakosekana nini. Tulimfanyia hivo tarishi wetu mmoja, sie tulikuwa tumeshamuwekea saa ya ukutani, mkewe akatwambia huyu anarudi shamba kwao na kitu anachokililia ni toroli. Tukampa toroli. Kaja kulichukua na kanzu yake na kofia ya mkono, kalisukuma kutoka ukumbini mpaka getini hataki kusaidiwa, na wanafunzi nyuma wanashangiria ka vile bwana harusi.

Lakini mwanangu zawadi ndo sehemu rahisi. Penye kazi ni kwenye maneno, na hapo ndo vyuo vingi vinapoharibu. Kinachofanyika ni hichi: anakuja mgeni rasmi, anapewa karatasi pale pale mezani, anasoma majina sita na kila jina ni mchapakazi, mwadilifu, mcha Mungu, mpenda watu. Sita wote! Ukibadilisha majina hakuna atakayejua. Sasa wewe una muda, fanya hivi, kila mstaafu mtafutie mtu mmoja tu aliyefanya nae kazi kwa karibu, mpe dakika tatu, na mpe sharti aseme kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Yule tarishi wa toroli alisemewa na dada wa mitihani, akasema huyu bwana zama zile mitihani ikipelekwa Pemba kwa boti ya usiku alikuwa halali kitini, anatandika kanga ya mkewe juu ya sanduku la chuma analala hapo hapo juu ya mitihani mpaka Mkoani, na ufunguo kaufunga shingoni. Watu walikuwa hawajui. Mkuu wa chuo mwenyewe alikuwa hajui, na ndo maana siku ile alisimama kumpa mkono mara ya pili.

Mpishi asemewe na mwanafunzi wa zamani aliyekula chakula chake, wamejaa hapo mjini wengine wana vyeo siku hizi, mpigieni simu mmoja. Mgeni rasmi mpeni kazi ya kupeana mikono na neno la shukurani, inamtosha.

Mengine haraka haraka. Msiweke Ijumaa, msiweke mwezi mtukufu, msiweke jioni watu wa shamba wakakosa gari, Jumamosi asubuhi ndo mwake, na kama kuna mstaafu ana jamaa zake Pemba angalieni kwanza ratiba ya boti ndo mupange saa. Dereva afatwe kwake na gari ya chuo, aendeshwe, akae kiti cha nyuma. Na tafadhali, tafadhali, msije mkamwambia mpishi asimamie chakula cha shughuli ya kuagwa kwake, nshaliona hilo kwa macho yangu, mtu anaitwa mbele kupewa ngao anatoka jikoni anajifuta mikono.

Ee na faili. Hili lingetakiwa liwe la kwanza. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60, na tarehe hiyo inajulikana toka siku mtu anaajiriwa, sasa kwanini kila mwaka tunaishtukia? Miezi sita kabla, afisa utumishi akae na kila mmoja wa hao sita, mmoja mmoja, wafungue faili pamoja: barua ya ajira ya mwanzo, barua ya kuthibitishwa kazini, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, michango yake ZSSF, ule Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Waangalie majina herufi kwa herufi. Sie Wazanzibari majina yetu matatu, langu la baba la babu, na makarani wa zamani kila mmoja aliandika anavyosikia, huku Khamis huku Hamis, huku Khadija huku Hadija, huku la babu limesahauliwa, na karatasi mbili zisipofanana mafao yanakaa. Nimeona mtu kaagwa kwa keki na taarabu halafu miezi anazunguka na bahasha ya kaki kwapani anatafuta kiapo cha jina. Huyo ukimuuliza habari ya keki anaweza kukutukana.

SWALI
Bi Mkubwa, asalaam alaykum. Mie ni mlinzi wa chuo huku Pemba, mwezi wa tisa inshaallah n'natimia 60. Juzi imebandikwa orodha ya wastaafu wa kuagwa, mie nimeandikiwa miaka 19. Mie nimekaa pale miaka 27, nane ya mwanzo nilikuwa kibarua, ndo nikaajiriwa. Geti lile nimelishika toka halijawa geti, ni mnazi umelazwa juu ya mapipa mawili, nauinua mie kwa mikono. Sasa hiyo minane imekwenda wapi? Na jengine, shughuli mie siitaki, mtu wa kusimamishwa mbele ya kadamnasi siye mie, lakini nkisema sitaki wataniona n'na kiburi. Nifanyeje?
Mlinzi, Pemba

JIBU
Waalaykumu salaam kaka yangu, na nikupe pole na hongera zote pamoja.

Hapo kuna madaftari mawili na usiyachanganye. Daftari la kwanza ni la pesa. ZSSF imeanzishwa mwaka 1998 na mafao yake yanakwenda kwa michango iliyoingia kwa jina lako, wewe umekatwa na mwajiri kaongeza. Ule ukibarua kama hukuwa unakatwa basi usitegemee kuiona kwenye pensheni, nakwambia mapema ili usije ukaambiwa dirishani ukaona umedhulumiwa siku hiyo. Lakini nenda sasa hivi, usingoje mwezi wa tisa, nenda afisi yao hapo hapo Pemba kaombe taarifa ya michango yako yote, ikae mkononi, uihesabu mwezi kwa mwezi na wewe na mwanao anayejua kusoma vizuri. Ukikuta mwezi ulikatwa kwenye mshahara na kule haukuingia, hilo ni deni lako halali, mpelekee mwajiri kwa maandishi, ubaki na fotokopi yenye muhuri wa kupokelewa. Na ile pensheni jamii ya serikali watu wanaichanganya sana na hii, ile ni ya wazee wote kuanzia miaka 70, ilianza Aprili 2016 kwa 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000, wewe bado una miaka kumi ya kuifikia, Mungu akufikishe.

Daftari la pili ni la heshima, na hili halina michango. Hapo chuo hakina kisingizio hata kidogo. Hakuna sheria inayomkataza mkuu wa chuo kuandika kwenye barua ya shukurani kwamba bwana huyu ametumikia hapa miaka 27, minane kibarua na 19 mwajiriwa. Aliyebandika orodha kachukua tarehe ya ajira kwenye kompyuta, hajafanya ubaya, kafanya uvivu. Muendee kwa upole, mwambie mwanangu hebu tazama stoo, kuna vocha za malipo ya vibarua za zamani, mtu akipokea anaweka saini au dole gumba. Mie zama zangu nimezitoa vocha hizo kwenye boksi lililoliwa na mchwa pembe zote, na madole gumba yalikuwepo yamekauka meusi ka vile juzi. Kama zimepotea basi tafuta watu wawili mliokuwa nao wakati wa mnazi na mapipa, waandike, wasaini. Barua ikibadilika na orodha pale ubaoni nayo ibadilishwe, mwambie hivo, kwa sababu waliosoma 19 ni wengi.

Kuhusu shughuli, kutotaka kusimamishwa mbele za watu sio kiburi. Kiburi ni kutaka wasimame wao. Wamekuomba uchague unavyotaka kuagwa? Hawakukuomba, basi waombe wewe. Waambie mie nataka barua yangu, na nataka kahawa na kashata getini asubuhi wakati wa kubadilishana zamu, na Maalim atuombee dua, wakitaka kuja waje pale. Nakuhakikishia watakuja wengi kuliko ukumbini kwa sababu geti hilo wote wanapita. Ila na mie nna ombi langu, mchukue na bibi yako aje akae hapo. Miaka 27 ya zamu za usiku kuna mtu alikuwa analala nyumbani na mlango kaufunga mwenyewe, na huyo hayupo kwenye orodha yoyote.

SWALI
Shikamoo Bi Mkubwa. Mama yangu alikuwa mkutubi, kastaafu mwaka jana, chuo kilimfanyia shughuli nzuri tu na ngao ya kioo yenye jina lake. Tulipofika nyumbani ndo tukasoma vizuri, jina lake sawa, la babu yake sawa, la katikati limekosewa, wameandika jina la baba mwengine kabisa. Mama kasema liacheni, si kitu, kaiweka nyuma ya kabati la vyombo. Mwaka mzima sasa. Mie inanikera lakini naogopa nikiirudisha chuoni nitaonekana nagombana nao kwa kitu kidogo na mama atahisi vibaya. Niache au nirudishe?
Mtoto wa mkutubi, Mjini

JIBU
Marahaba mwanangu.

Rudisha. Ingekuwa wamekosea mwaka au jina la idara ningekwambia acha, lakini wamempa mama yako baba mwengine, na hilo kwetu sio kitu kidogo. Na mama yako kaweka nyuma ya kabati, hakuitupa. Mtu asiyejali huwa anatupa au anaweka sebuleni bila kusoma. Na huyu ni mkutubi, kazi yake yote ya maisha ilikuwa kuhakikisha jina la mtu liko sawa kwenye kadi, sasa unafikiri hakuliona pale pale ukumbini alipopewa? Kaliona. Kanyamaza ili asiwaharibie shughuli yao.

Usimwambie unaipeleka. Usiandike barua ya malalamiko wala usiweke kwenye grupu la WhatsApp la chuo, nakuomba sana hilo, nenda mwenyewe asubuhi na ngao ndani ya mkoba, muone karani wa utumishi, muoneshe tu na jina sahihi liandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mwambie nadhani fundi alikosea. Ataelewa na ataona haya, muachie nafasi ya kuona haya bila watu. Wakikuzungusha zaidi ya wiki mbili usigombane nao, nenda kwa fundi wa kuchonga ngao mwenyewe, akupe bei ya kubadilisha kile kibati cha jina, kioo kile kile kinabaki.

Halafu irudishe pale pale nyuma ya kabati ulipoitoa, usiseme kitu. Siku atakayokuwa anatoa vyombo vya futari ataikuta.